Kuosha Filamu si Kuacha Mfereji Wazi

Kiswahili chetu kina uvivu mmoja mtamu. Ukipeleka filamu studio unasema tu, "Niosheeni picha hizi," na mwenye studio anaelewa kila kitu: kuifungua gizani, kuitia kwenye divelopa, kuikatiza kwa maji, kuitia kwenye fiksa, kuisuuza na kuianika. Yote hayo ni "kuosha". Ndugu zetu wa Tanzania husema "kusafisha", nao hawako mbali. Neno moja limebebeshwa kazi sita, na kwa maoni yangu ndilo lililotuletea balaa mwaka huu. Mtu akisikia kuosha anafikiria maji, akifikiria maji anafikiria mfereji, na mfereji ukishafunguliwa, basi, hapatikani wa kuufunga.

Wale wasiojua habari hii niwaeleze kwa ufupi. Wenzetu wa Chama cha Picha wameweka simu kando, wakashika kamera ya sanduku, ile ya kujifunika kitambaa cheusi kichwani. Inapiga filamu ya kipande kimoja kimoja, inchi 4 kwa 5. Kipande kimoja kina ukubwa wa karibu picha 15 za ile filamu ya kawaida ya milimita 35, na ndiyo maana uso wa mtu unatoka hadi unaweza kumhesabu kope. Hakuna mtu shuleni asiyezitaka picha hizo, hata wale wanaopiga kelele. Lakini kila Jumamosi jioni mfereji wa chumba chao uliachwa ukitiririka nusu saa nzima juu ya tangi la filamu. Bweni la chini likakauka. Vijana wakalala na sabuni masikioni. Malalamiko yakapanda hadi ofisini, na sasa lipo pendekezo kwamba chama chote kifungwe na kamera irudi stoo.

Mimi si mwanachama wa Chama cha Picha, mimi ni mtu wa Kiswahili, na sina cha kupata wala kupoteza. Nasema hivi: waliolalamika wana haki kabisa, lakini dawa waliyoipendekeza si dawa. Ukiona panya jikoni huchomi nyumba.

Hebu tupige hesabu. Mfereji unaotoa lita 6 kwa dakika, kwa nusu saa, unamwaga lita 180. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20! Tena kwa vipande sita vya filamu tu. Jamani, huu ni mji ambao wakati wa kiangazi mitungi ya manjano iliyopanga foleni si kitu kigeni. Mama aliyebeba mtungi wake hadi Langas ukimwambia mitungi tisa imekwenda kwa picha sita, atakuuliza kama hizo picha ni za malaika.

Kuna mjomba wangu aliyefanya kazi ya studio hapa Eldoret, miaka mingi kabla mji huu haujapewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Maji yake yaliletwa kwa mkokoteni. Nilipomsimulia habari za nusu saa ya mfereji alicheka hadi akakohoa. "Sasa hao wanaosha filamu ama wanaosha sinki?" Yeye alitumia ndoo moja, na negativu zake ninazo mikononi mpaka leo, safi, bila doa la manjano.

Siri yake ni kuelewa kinachooshwa. Fiksa ina chumvi ambayo Herschel wa Uingereza aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, na miaka 20 baadaye ikaanza kutumiwa kwenye picha. Mjomba huiita "haipo", kama alivyoisikia kwa mabwana wa studio wa zamani. Aisee, jina hilo lilinichekesha, kwa sababu shida ya haipo ni kwamba ipo! Hujificha ndani ya ile tabaka laini ya jelatini, huioni, na ukiiacha humo, baada ya miaka huigeuza picha kuwa ya manjano kisha ikaila. Ndiyo hasa inayooshwa.

Nayo haitoki kwa kupigwa na maji kwa nguvu. Inatoka pole pole yenyewe, kutoka penye nyingi kwenda penye kidogo, mpaka iwe sawa ndani na nje. Ikishakuwa sawa imesimama, na hapo ndipo unapoyamwaga maji na kutia mengine. Ni kama kupunguza chumvi kwenye samaki mkavu. Nani alimwona nyanya yake amesimama na samaki chini ya mfereji nusu saa? Anamloweka, anamwaga, anamloweka tena. Na ule mfereji juu ya tangi una hila yake: maji yanaingia juu na kutokea juu, huku ya chini yametulia tuli kama kidimbwi.

Tuseme tangi lina lita 2. Ukilimwaga, yanabaki kama mililita 100 yaliyoshika filamu na kuta, yaani sehemu moja ya ishirini. Ukijaza tena, ile haipo imepunguzwa mara 20. Ukirudia, mara 400. Mara ya tatu, mara 8,000. Mimi si bingwa wa hesabu, lakini hapo hata mimi nimeshika. Kampuni ya Ilford ya Uingereza inawashauri watumiaji wa matangi yale ya kufungwa wajaze maji, wapindue tangi mara 5 na kumwaga, wajaze tena na kupindua mara 10, kisha mara 20, basi. Sharti ni kwamba fiksa isiwe na dawa ya kukaza. Tangi la wenzetu liko wazi na filamu zinaning'inia kwenye hanga, kwa hivyo halipinduliki. Ningewaambia wabadilishe maji mara sita, kila mara waziinue na kuzishusha hanga zote, na mara tatu za mwisho waziache zikae dakika tano tano. Jumla ni lita 12. Mtungi mmoja haujaisha!

Mtu mmoja ameniambia, si basi watumie karai, wapunguze hata hayo? La hasha. Filamu za picha za vipande huagizwa ng'ambo na bei yake inauma, kwa hivyo wenzetu wanatumia filamu za eksirei, wanazozikata chini ya taa nyekundu. Hizi zina dawa pande zote mbili. Ukizilaza kwenye karai, upande wa chini unakwaruzwa wote. Lazima zining'inie, na hilo ndilo linalofanya tangi kuwa la lazima, si maringo.

Sisi wa huku tuna bahati ambayo hatuijui. Dawa hizi zinapenda joto la digrii 20 hivi. Mji wetu uko juu, karibu mita 2,100, na maji ya ndoo iliyolala ndani ya nyumba hayako mbali na hapo; ukiongeza ya moto kidogo umefika. Mpiga picha wa Mombasa anahangaika kutafuta barafu, maana maji ya moto huilainisha jelatini hadi ikavimba na kuchubuka. Tena tuna mvua. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati, paa likishaoshwa na manyunyu ya kwanza, hayaachi madoa ya chokaa filamu inapokauka. Wakinge hayo kwa msuuzo wa mwisho. Mambo ya kuanika wakati wa vumbi la Januari siyasemi, wenyewe wanayajua.

Najua wapo watakaouliza faida ya taabu yote hii ilhali kila mtu ana simu. Nawajibu kwa mtu mmoja. Priya Ramrakha, Mkenya, alikuwa mpiga picha wa magazeti. Aliuawa kwa risasi mwaka 1968 akipiga picha za vita vya Biafra. Picha zake nyingi zilidhaniwa zimepotea, hadi miongo kadhaa baadaye zilipopatikana zimehifadhiwa katika gereji moja Nairobi. Gereji, msomaji! Hapakuwa na nywila ya kusahau wala simu ya kuanguka chooni. Ungeinua negativu mbele ya dirisha ukaona. Simu yangu ya mwaka juzi imekufa na picha zote za mahafali ya dada yangu. Nikiulizwa ni wapi nitaweka sura ya nyanya, sitasema kwenye simu.

Limebaki jambo moja ambalo wale waliolalamika hawakulitaja, na kwangu mimi ni zito kuliko hata yale maji ya bwenini. Fiksa iliyotumika inakwenda wapi? Imebeba fedha iliyotoka kwenye filamu, na fedha hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Ikimwagwa kwenye mtaro inaweza kuishia Sosiani, kutoka Sosiani iingie Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria. Kufunga mfereji hakuzuii hilo. Fiksa ikusanywe kwenye dumu lenye kibandiko, pamoja na maji ya msuuzo wa kwanza, maana hayo ndiyo yenye haipo nyingi. Ndani yake itiwe stilwuli ya kusugulia sufuria: chuma kitayeyuka na fedha itashuka chini kama tope jeusi. Hilo ni somo zuri la kemia, na mwalimu wa kemia ndiye anayefaa kukabidhiwa tope hilo na kinachosalia, pamoja na taka nyingine za maabara.

Maji ya msuuzo wa tatu hadi wa sita yawekwe kwenye ndoo. Sakafu ya chumba chao haijapigwa deki tangu muhula uanze.