Kilichookotwa Ni Amana

Wapo vijana washikao mashine ya kutambulia madini wakatafute mali ya Wajerumani. Hata sisi tuliteremka na mpwa wetu kutoka Kitura hadi Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako mwezi Agosti, 1914 meli Gwendolen ya Waingereza iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani.

Tulimwonya asichimbe, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yataka leseni. Tukapita juu ya mchanga tu. Mara mashine ikalia. Alipopangusa, ikatokea pete ya fedha.

"Mjomba, bahati yangu!"

"La, mwanangu, hii ni amana."

Sharia yatuamuru kutangaza mwaka mzima kitu cha thamani kilichookotwa, wala tusizitaje alama zake, ila mwenyewe azieleze. Tukawatangazia wanawake waliokuwa wakifua. Bibi mmoja akaieleza nakshi yake sawasawa, akapewa.

Mpwa wetu alirudi mikono mitupu, amenuna. Lakini bibi yule alimwombea dua, naye hajaisahau. Enyi wazazi, tembeeni na watoto wenu; uaminifu hufunzwa mali ikiwa mkononi.