Sabufa Haijui Mpaka wa Ukuta

Mitambo ya sauti ya kumzunguka msikilizaji, ambayo zamani ilikuwa mali ya majumba ya sinema, sasa imeingia katika sebule za Kibokoni, Majengo na Kisauni. Aghalabu mwenye nyumba hununua spika tano ndogo na moja kubwa ya besi, ile iitwayo sabufa, akazipanga zote kando ya televisheni kama vyombo vya kabati, kisha akafungulia mpaka vioo vya dirisha vitetemeke. Jirani ambaye ukuta wake ndio huo huo, ana mgonjwa ndani au mtoto anayedurusu, hubaki kununa. Salamu za asubuhi zikaanza kupungua. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa si la starehe tu.

Wakosoaji wetu huilaumu mitambo yenyewe. Kwa maoni yangu wanakosea, kwani haikuundwa kwa ajili ya kelele. Filamu ya Fantasia ya Walt Disney, mwaka 1940, ilionyeshwa katika kumbi chache kwa spika zilizowazunguka watazamaji. Mwaka 1992 Batman Returns ikaleta Dolby Digital yenye njia sita za sauti, mpango ambao ndio ulioigwa majumbani. Shabaha ilikuwa mtu aketi katikati asikie maneno mbele yake na mvua nyuma yake.

Kwa hivyo mahali pa spika ndipo penye siri. Ya kati hukaa chini au juu ya televisheni, nayo ndiyo ya maneno. Mbili za mbele huwa kushoto na kulia, kila moja digrii 30 kutoka katikati ukipima toka kitini. Mbili zilizobaki huwekwa ubavuni, nyuma kidogo ya msikilizaji, baina ya digrii 100 na 120. Zikipangwa hivyo, hakuna haja ya kuongeza sauti. Zikirundikwa mbele zote, mtu amenunua redio ya bei ghali. Tena wengi huunganisha kwa waya mbili, nyekundu na nyeupe, ambazo hubeba njia mbili tu. Hizo sita watazipata wapi?

Tuje kwenye sabufa, mchokozi mwenyewe. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa kama mita nane na nusu, kushinda vyumba vingi vyetu. Ukuta unaozuia mazungumzo hauizuii sawasawa. Katika ghorofa za Mji wa Kale zenye boriti, mtikisiko huo hupita sakafuni ukashuka kwa wa chini. Sabufa ikitiwa pembeni mwa chumba, kuta humzidishia mwenyewe mngurumo. Na itolewe pembeni, isiegemee ukuta wa shirika, iwekewe mpira mzito chini yake, na kitufe chake kirudishwe nyuma. Mpira husaidia sakafu. Hewani, kitufe ndicho dawa.

Sheria nayo ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kiwango cha ndani ya makao kuwa desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe huanza baada ya saa mbili. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Lakini ni nani Mswahili wa mtaani atakayempelekea jirani yake askari, na kesho wamekutana msikitini katika safu moja?

Kichekesho ni kwamba wengi hawatazami sinema, wanacheza taarabu. Santuri za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, zina njia moja tu ya sauti. Hata udi wa marehemu Zein l'Abdin, ukisambazwa nyuma na mbele, hupotea ndani ya mdundo wa sabufa. Kwa nyimbo hizo spika mbili njema zatosha, na sabufa izimwe.

Anayetaka sinema yake na aweke, ni haki yake. Ila kabla ya kupigilia msumari wa spika ya nyuma, apige hodi kwa jirani, aketi upande wa pili wa ukuta huku mwanawe akifungulia filamu, asikilize kwa masikio yake kinachovuka.