MAWE YA EMBU YASAFISHWE HAPA



Januari 2024 Serikali ilitangaza kwamba koltani, jiwe litumiwalo katika simu, limeonekana Embu na kaunti nyingine. Tulifurahi. Lakini sisi wa Meru na Embu twajua habari ya kahawa: twaichuma, twaimenya, twaianika, kisha nyingi hukaangwa ng'ambo, na faida hubaki huko.

Kwale nako mchanga wa titani ulitengwa tu, ukapakiwa melini tangu 2014. Ulipokwisha Desemba 2024, kazi nazo zikaisha.

Sheria ya 2016 yawapa wenyeji sehemu 10 katika 100 za mrabaha. Haitoshi. Twataka Serikali itoe fedha za mitambo ya kusafishia, na za kuwafunza vijana wetu kuiendesha. Jiwe likienda ghafi, mshahara umekwenda nalo.