Ngoma Si Zulia la Kupokelea Wageni

Kijana wa Kolandoto akiwaambia wazee wake kwamba amepata nafasi ya kusomea uuguzi, jamaa hukusanyika wakamwombea heri. Hilo ni haki kabisa, kwani hospitali ya misheni iliyoanzishwa hapo mwaka 1913, pamoja na chuo cha afya kilichochipuka ubavuni mwake, vimewafaa wengi. Lakini kijana wa pili akisema kwamba anataka kwenda Bagamoyo kusomea sanaa za maonyesho, huulizwa kwa dhihaka: "Utasomea kucheza ngoma? Nani kati yetu aliisomea?" Sisi tunasema kwamba dhihaka hiyo ni kasumba, na hapana budi ing'olewe na mizizi yake.

Kasumba hii ina historia. Shule za mkoloni ziliyagawa mambo yetu mafungu mawili, ya manufaa na ya kishenzi. Ngoma ikatupwa katika fungu la pili. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi walijua dansi za Kizungu, ilhali gombesugu na lelemama hawakuzijua. Ndipo akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1981 kilifunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Chuo kipo, bali dhihaka nayo haijaondoka.

Wapinzani wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba sanaa ni kipaji, haifundishwi. Hoja hii inakanushwa na Wasukuma wenyewe. Baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Mwamuzi ni watu: chama kinachowavuta wengi zaidi ndicho mshindi. Je, manju huingia uwanjani humo bila ya kufunzwa? La hasha! Kwanza hufuatana na wakongwe, akajifunza kutunga, kuwaongoza waitikiaji na kuzisoma nyuso za watazamaji. Hicho nacho ni chuo, ingawa hakina ubao wala cheti.

Hoja ya pili ni kwamba taifa linahitaji waganga, si waigizaji. Tuwajibu kwa jambo zito. Katika Shinyanga na Geita, kwa miongo mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Nayo ni macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mganga wa Kolandoto aweza kuyatibu macho ya bibi huyo. Macho ya jirani anayemtazama kwa chuki, nani atayatibu? Maradhi hayo hayana dawa ya chupa. Yanahitaji kijiji kizima kiketi uwanjani, kijitazame, kijihukumu.

Wala hii si ndoto. Mwaka 1982 na 1983, huko Malya wilayani Kwimba, wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza pamoja na wanakijiji tatizo la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni. Kisha tatizo hilo likaigizwa na kujadiliwa hadharani. Neno linalomshinda mtu kulitamka katika mkutano hutamkika katika mchezo.

Hata hivyo, haki yatutaka tujisute na sisi wenyewe, watumishi wa serikali. Ngoma tumeigeuza zulia. Mgeni akifika, huitwa kikundi. Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyozaliwa shambani, hukatwakatwa ikatoshea dakika tano. Mgeni hupiga makofi, wachezaji hupewa soda, nasi huandika katika taarifa kwamba utamaduni umedumishwa. Tukifanya hivyo, twawezaje kumlaumu mzazi anayeidharau kazi ambayo sisi wenyewe tumeidhalilisha?

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho akae muhula mzima vijijini, Kolandoto na kwingineko, akijifunza kwa manju. Na manju huyo alipwe ujira wa mwalimu, asiishie kupewa shukrani. Pili, kila shule ya sekondari iwe na mchezo wake wa mwaka, uliotungwa na wanafunzi juu ya jambo linaloumiza kijiji chao, nao wazee waalikwe kuutazama na kuubishia.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi twamcheka mchezaji kwao, akienda mbali twamsahau, kisha twalalama kwamba utamaduni unakufa. Mwalimu unayesoma kurasa hizi, kijana wa pili yumo darasani mwako. Siku atakapokujia na ombi lake, usicheke.