Tusinunue namba: kamera ipi kwa kazi ya lugha?

Kikundi cha wanafunzi wa idara yetu kinachorekodi masimulizi ya wazee kimemaliza likelemba yake, na fedha zilizopatikana zinatosha kununua kamera moja. Moja tu. Katika mazungumzo yetu zimebaki mbili, zote za Panasonic: Lumix FZ82, ambayo Marekani huitwa FZ80, na Lumix FZ300, ambayo penginepo huuzwa kwa jina la FZ330. Ya kwanza ni mpya, ingali katika kasha lake. Ya pili imekwisha kutumika, na muuzaji ameshusha bei yake hadi ikakaribiana na ile mpya. Wenzangu wengi wanaelekea FZ82, na sababu yao kubwa ni namba iliyoandikwa ubavuni: zumu ya mara 60. Ile nyingine ina mara 24. Mimi ni miongoni mwa wachache wanaosema tuchukue ile ya mara 24, na nawaomba wenzangu na walimu wetu wanipe nafasi ya kueleza kwa nini, kabla hatujapiga kura.

Sisi ni watu wa lugha. Kabla ya kukubali neno, tuulize maana yake. “Mara 60” haituambii kamera inafika mbali kiasi gani. Ni jawabu la hesabu ya kugawanya. Lenzi ya FZ82, kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, inaanzia milimita 20 na kuishia 1200. Gawa 1200 kwa 20, unapata 60. Lenzi ya FZ300 inaanzia 25 na kuishia 600. Gawa, unapata 24. Kwa hiyo FZ82 inavuta mbali mara mbili ya mwenzake, wala si mara mbili na nusu kama namba hizo mbili zinavyodokeza. Sehemu ya ile 60 imetokana na mwanzo mpana, si na mwisho mrefu. Lenzi ya kuanzia 25 hadi 1200 ingefika mbali vilevile, lakini kwenye kasha ingeandikwa 48 tu. Muuzaji hakutudanganya. Ametupa neno la kweli, akatuachia sisi tulielewe visivyo.

Tuje kwenye mwanga. Kamera hizi mbili zina kihisi cha ukubwa uleule, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho: takriban milimita 6 kwa 4 na nusu. Kihisi kidogo hivyo huteseka gizani, kwa hiyo lenzi inayokipa mwanga mwingi ni ya thamani kuliko pikseli nyingi. FZ82 ina pikseli milioni 18, FZ300 ina milioni 12, nazo zinagawana nafasi ileile. Zikiwa hazijavuta kitu, lenzi zote mbili hufunguka hadi f/2.8, na hapo hazina cha kugombania. Tofauti inaanza unapovuta. FZ300 inabaki f/2.8 toka mwanzo hadi mwisho. FZ82 inazidi kujifunga, na ikifika mwisho ni f/5.9. Kwa hesabu, huko mwishoni inapitisha chini ya robo ya mwanga unaopitishwa na FZ300. Deni hilo hulipwa kwa njia mbili tu. Ama picha ichukuliwe polepole, na mkono wa msimuliaji ukisogea uwe ukungu. Ama kihisi kilazimishwe, na uso ujae chembechembe.

Sasa tujiulize: wazee wetu husimulia saa ngapi? Mchana wako shambani, sokoni, au wanashughulika na wajukuu. Hadithi huja jioni, penye makaa au chini ya taa moja, na umeme ukikatika ni mshumaa au tochi ya simu. Hatuendi kupiga picha ya ndege juu ya mti wa mbali saa sita mchana. Tunakwenda kushika uso, mikono na midomo ya mtu aliye mita tatu mbele yetu, na mwanga ni haba.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa ni sauti. FZ300 ina tundu la kuchomekea mikrofoni ya nje. FZ82 haina. Kwa mpiga picha wa wanyama hilo ni jambo dogo. Kwa kitivo cha lugha, kwangu mimi, hilo peke yake lingetosha kufunga mjadala. Mikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera hukaa pale kamera ilipo: husikia upepo, husikia kidole cha mwenye kamera na pikipiki inayopita barabarani, na mwisho ndipo humsikia bibi. Mikrofoni ndogo ya kubandika kwenye nguo hukaa karibu na kinywa chake.

Kila aliyewahi kunakili maandishi kutoka katika sauti anajua gharama yake. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mzee atasema “batoto” pale ambapo Kiswahili sanifu kina “watoto”, na baadaye kidogo, akimwiga mwalimu au padri, atasema “watoto”. Herufi moja tu, lakini ndani yake mna cheo, kejeli na historia ya mji. Ukiwa na sauti chafu utaandika unachodhani umesikia, na tasnifu itajengwa juu ya dhana. Mwaka 1986 Johannes Fabian alifuatana na kundi la maigizo la Mufwankolo hapa Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba. Kitabu chake cha mwaka 1990, Power and Performance, kinatupa maneno ya waigizaji hao katika Kiswahili chao wenyewe, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi ya namna hiyo husimama juu ya sauti iliyorekodiwa na kusikika. Tunaisoma leo kwa sababu maneno yalishikwa kwanza.

Wapo wanaonijibu: tununue FZ82, na sauti tuirekodi kwa simu kando yake. Jibu hilo lina akili, na wenye subira wanaweza kulifuata: unapiga kofi moja mwanzoni, kisha baadaye unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti kwenye kompyuta. Lakini hebu tuhesabu. Masimulizi 20 ni mafaili 40 ya kulinganisha, na simu ni ya mtu. Itaita katikati ya hadithi, itajaa, au mwenyewe ataondoka nayo kwenda likizo. Kazi ya kikundi isitegemee simu ya mtu mmoja.

Wengine wanasema FZ82 ina mema yake, na ni kweli. Upana wake wa milimita 20 unasaidia katika chumba chembamba ambapo huwezi kurudi nyuma. Betri yake huchajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo hata benki ya umeme ya mfukoni au sahani ya jua inatosha. FZ300 inakuja na chaja yake ya ukutani, na kijijini hilo litatutaka tubebe betri ya pili. Halafu FZ82 ni mpya, na kitu kipya kina usalama wake. Kuna pia hoja ya fedha: siku ya kutunuku digrii, zumu ndefu ingetuwezesha kuwapiga picha wahitimu kutoka viti vya nyuma na kuwauzia. Lakini milimita 600 tayari ni nyingi mno kwa ukumbi wowote tunaoufahamu. Na ukumbini taa ni hafifu, kwa hiyo tunarudi palepale: f/2.8 ndiyo itakayotupa picha ya kuuzika.

Kuna jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye kasha. Zumu ndefu hutufundisha kukaa mbali. Kwa milimita 1200 unaweza kuuleta uso wa mama aliye ng’ambo ya uwanja bila yeye kujua. Sisi tunataka kinyume chake: tusogee, tusalimie, tueleze tunafanya nini, tuombe ruhusa, ndipo tubandike mikrofoni. Anayekataa tumwache na hadithi yake. Mbali na hayo, katika miji yetu kamera yenye bomba refu, ikielekezwa karibu na jengo la serikali au daraja, inaweza kuleta maswali ambayo kadi ya mwanafunzi haiyamalizi.

Kama hoja hizi zitakubaliwa, tununue kwa macho wazi, maana kamera iliyotumika si ndoa ya upofu. Tupige picha ya ukuta mweupe na kuikuza, tuone kama kuna madoadoa. Tuvute lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa, tukisikiliza kama inakwaruza. Tufungue skrini yake inayogeuka na kuizungusha kila upande. Twende na mikrofoni yetu, tuichomeke, turekodi dakika kumi na kusikiliza palepale dukani. FZ300 ilitengenezwa kuhimili vumbi na manyunyu, lakini kwa kitu kilichokwisha kutumika tusiiamini sifa hiyo hadi kuiweka mvuani.

Tena tubakize fedha ya kadi. Video ya 4K katika kamera hizi hula megabiti 100 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 45 kwa saa moja. Hadithi mbili ndefu, na kadi ya gigabaiti 64 imejaa. Ubora wa kawaida wa HD, kwa megabiti 20, hula gigabaiti 9 kwa saa, nao watosha kabisa kuona midomo inavyotamka. Fedha inayobaki inunue diski ya pili ya kuhifadhi nakala, maana faili iliyoko mahali pamoja tu ni faili inayosubiri kupotea.

Wazee tunaotaka kuwarekodi hawatatusubiri tukusanye likelemba nyingine. Kamera tutakayochagua sasa ndiyo itakayokuwa nasi mbele yao, na tukikosea hatutawafuata tena kuwaambia warudie. Siku ya kura, kila mwenzangu ajiulize swali moja kabla ya kuinua mkono: tunakwenda kuwatazama, au tunakwenda kuwasikiliza? Mimi nitapigia kura kamera inayosikia.