Mshahara umepanda, ngazi za kodi zimebaki palepale

TANGAZO la Mei Mosi 2025 mjini Singida, kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai mwaka huo, lilipokewa kwa shangwe Kanda ya Kati. Wenye maduka, mama lishe na wauza mboga wa Chimwaga na Ng'ong'ona, ambao biashara yao inategemea mishahara ya Chuo Kikuu cha Dodoma na ya ofisi za Serikali, nao walikuwa na sababu ya kufurahi.

Hata hivyo, nyongeza ya Sh130,000 haifiki yote sokoni. Kwanza hukatwa mchango wa pensheni, kisha kodi ya mapato ya ajira, maarufu kwa jina la PAYE. Namna kodi hiyo inavyokokotolewa ni jambo ambalo wafanyakazi wengi, na hata baadhi ya waajiri wadogo, hawalielewi vizuri. Hapo ndipo fedha hupotea.

Kwa ngazi zilizotumika tangu Julai 2021 hadi mwaka wa fedha 2025/26, Sh270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kodi. Kiasi kinachozidi hapo hadi Sh520,000 hutozwa asilimia 8. Kuanzia hapo hadi Sh760,000 ni asilimia 20, kisha asilimia 25 hadi Sh1,000,000, na kinachozidi milioni moja ni asilimia 30.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kila asilimia inahusu fedha zilizo ndani ya ngazi yake tu. Wapo wanaohofia kuongezwa mshahara wakidhani kuvuka ngazi kutafanya mshahara wote utozwe kiwango kipya. Hofu hiyo haina msingi. Anayevuka Sh520,000 kwa Sh1,000 hulipa Sh200 kwa elfu hiyo moja. Zilizo chini yake hubaki na kodi ileile.

Ni kwa sababu hiyo pia punguzo la kodi huwa dogo kuliko linavyosikika jukwaani. Mei Mosi 2016, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kushusha kiwango cha chini kutoka asilimia 11 hadi 9. Mwaka 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kukishusha hadi asilimia 8. Punguzo hilo la mwaka 2021 halikuzidi Sh2,500 kwa mwezi kwa mfanyakazi yeyote, kwa kuwa liligusa Sh250,000 tu za ngazi ya kwanza inayotozwa.

Tangu hapo mishahara imepanda, lakini ngazi zimebaki palepale. Mtumishi wa kima cha chini aliyekuwa akilipwa Sh300,000 mwaka 2021/22, baada ya kutoa asilimia 5 ya mfuko wa PSSSF, alitozwa kodi ya Sh1,200. Kima kilipofika Sh370,000 Julai 2022, kodi ikawa Sh6,520. Kwa Sh500,000 ni Sh16,400. Mshahara umeongezeka kwa theluthi mbili, wakati kodi imeongezeka zaidi ya mara 13. Katika ile nyongeza ya Sh130,000, kinachobaki baada ya pensheni na kodi ni Sh113,620.

Huo ndio utaratibu wa sheria. Tatizo lingine ni pale mfanyakazi anapokatwa zaidi ya kinachotakiwa na sheria.

Kosa la kwanza ni kukokotoa kodi kabla ya kutoa mchango wa pensheni. Mathalani, mfanyakazi wa duka la pembejeo anayelipwa Sh600,000 na kuchangia NSSF asilimia 10 anapaswa kutozwa kodi kwenye Sh540,000, yaani Sh24,000. Mwajiri akikokotoa kwenye Sh600,000, atamkata Sh36,000. Tofauti ni Sh12,000 kwa mwezi, au Sh144,000 kwa mwaka.

Kosa la pili ni kuendelea kutumia jedwali la zamani. Mabadiliko ya kodi nchini kwa kawaida huanza Julai 1, baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Fedha. Mwajiri asiyefuatilia huendelea kukata kwa viwango vilivyokwisha.

Kosa la tatu ni kumkata mfanyakazi Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, SDL. Tozo hiyo hulipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake. Haipaswi kuonekana kama makato kwenye mshahara.

Aidha, mwenye ajira mbili hukatwa asilimia 30 kwenye ajira ya pili hata kama malipo yake ni madogo. Huyo anatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka, ambako mapato yote hujumlishwa na ziada kuonekana.

Aliyekatwa zaidi afanye nini? Hatua ya kwanza ni kukusanya hati za mshahara na kufanya hesabu upya mwezi kwa mwezi. Ya pili ni kumwendea mwajiri kwa maandishi, kwa kuwa yeye ndiye anayewasilisha PAYE kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na ndiye anayeweza kurekebisha taarifa hizo. Mwaka ukiisha, mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi hati inayoonyesha malipo na kodi iliyokatwa.

Kodi iliyolipwa kwa ziada inaweza kuombwa irejeshwe kwa Kamishna Mkuu wa TRA chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Ukomo wa kuomba ni miaka mitatu tangu kodi ilipolipwa. Anayechelewa hupoteza haki hiyo, na asiye na hati hana cha kuthibitisha. Aidha, mwenye deni lingine la kodi asitarajie fedha zote mkononi, kwani ziada huweza kutumika kwanza kulipa deni hilo.

Somo hili linawahusu pia mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi aliyeajiri mlinzi na msimamizi wa shamba, na mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa mwenye karani. Mwajiri anayekata pungufu atadaiwa na TRA yeye mwenyewe, pamoja na riba. Anayekata zaidi anamnyang'anya mfanyakazi wake fedha ambazo zingerudi sokoni. Kubandika jedwali jipya la PAYE ukutani kila Julai na kutoa pensheni kabla ya kodi ni kazi ya dakika chache. Kwa karani wa Sh600,000, dakika hizo zina thamani ya Sh144,000 kwa mwaka.