Karani Mwenye Digrii

Msimu wa korosho ulipoanza, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka kijijini kwake, wilaya ya Ruangwa. Hakunisalimu kirefu kama ilivyo desturi yake. Alisema tu, "Njoo uzungumze na mpwa wako. Anataka kuacha kazi." Nanyi mnajua mila yetu sisi Wamwera: neno zito la mtoto halikatwi kabla mjomba hajaitwa. Basi nikaomba ruhusa kwa Baba Paroko, nikafunga ofisi ya parokia hapa Nachingwea, nikapanda basi.

Kijana huyo alimaliza Chuo Kikuu miaka miwili iliyopita. Mama yake alitoa korosho za misimu mitatu ili kuongezea mkopo wa Bodi, na siku aliporudi na shahada yake tulichinja mbuzi wawili. Baada ya shangwe hiyo akakaa nyumbani mwaka mzima na zaidi. Alituma maombi mengi, akaitwa kwenye usaili Dodoma mara mbili, na mara zote mbili jina lake halikutoka. Mwisho akapata kazi ya ukarani katika chama cha msingi cha ushirika. Kazi yenyewe ni kuandika: jina la mkulima, namba ya akaunti yake ya benki, uzito wa mzigo, tarehe. Kesho ni yale yale, na keshokutwa ni yale yale.

Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, nimekaa darasani miaka kumi na sita. Sasa naandika kilo. Kazi hii hata aliyeishia darasa la saba anaiweza. Vijana wenzangu wananiita Daktari wa Magunia."

Nilitaka kumjibu kwa methali, maana methali haina gharama: mchagua jembe si mkulima. Lakini nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka habari yangu mwenyewe. Habari hiyo sijapata kuiandika katika ukurasa huu. Leo naiandika.

Mimi nilisomea ualimu. Nilipomaliza chuo nilikuwa na chaki moyoni; nilijiona tayari nimesimama mbele ya darasa. Kumbe mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, nasi tuliokuwa tukisubiri tukaendelea kusubiri. Parokia ilikuwa ikitafuta karani. Nikaingia, nikijiambia kwamba ni kwa miezi michache tu. Nilikuwa nikinakili vyeti vya ubatizo kutoka katika vitabu vya zamani huku akili yangu iko kwingine. Nilifanya kazi kama abiria anayengoja basi: mzigo wake uko miguuni, macho yake yako barabarani.

Mwaka 2018 alikuja binti mmoja wa kigango cha mbali. Alikuwa amefaulu kidato cha sita naye alitaka cheti cha ubatizo. Wengi wenu mnafahamu sababu. Mtoto ambaye hakuandikishwa mapema, akienda RITA kuomba cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya hati zinazoweza kumsaidia. Na Bodi ya Mikopo haipokei ombi la mwanafunzi bila cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Nikamwandikia upesi upesi, nikapiga mhuri, akaenda zake. Katika jina la baba yake nilikuwa nimeacha herufi moja.

Cheti cha kuzaliwa kikatoka na kosa lile lile. Jina likawa halifanani na lile la vyeti vya shule. Alipogundua, ilibidi aapishwe kwa hati ya kiapo, arudi tena na tena, alipe nauli tena na tena. Mambo yaliponyooka, dirisha la mikopo lilikuwa limefungwa. Mwaka ule hakwenda chuoni. Alikaa nyumbani akiuza vitumbua.

Nilipopata habari nilichukua baiskeli nikaenda kwao kuomba radhi. Baba yake alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, wala hakunitukana. Alisema tu, "Karani, kwako ilikuwa herufi. Kwetu ulikuwa mwaka."

Wapenzi wasomaji, binti yule alikwenda chuoni mwaka uliofuata, namshukuru Mungu. Lakini maneno ya mzee yule sijayasahau. Tangu siku hiyo, kila anayekuja ofisini namwomba ayataje majina yake herufi kwa herufi. Nikimaliza kuandika namsomea kwa sauti, naye anafuata kwa kidole. Na hapo jambo nisilolitazamia likatokea: nikaanza kuipenda kazi. Haikubadilika hata kidogo. Kitabu ni kile kile, kiti ni kile kile, na mshahara si wa kujivunia. Kilichobadilika ni kwamba sasa nikiandika mstari namwona mtu aliye mwisho wa mstari huo.

Hayo yote nilimweleza mpwa wangu. Alinisikiliza, ila hakusema neno. Kesho yake asubuhi nikamwambia anipeleke ghalani nikaione kazi yake.

Nikamwuliza mambo kama mtu asiyejua, naye akanieleza vizuri sana, maana ana akili. Mkulima analeta korosho zake kwenye chama, zinachambuliwa na kupimwa, naye anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapangwa katika daraja la kwanza au la pili, kisha unauzwa mnadani. Mnunuzi akilipa, makato yanatolewa, na fedha za mkulima zinaingia katika akaunti yake. Mpango huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwa korosho katika msimu wa 2007/2008. Tangu hapo mkulima wa kusini hamwoni mnunuzi wake. Anamwona karani. Yote anayotumaini kupata yamo katika mstari ule mmoja alioandikiwa pale mizanini.

Nikaweka kidole juu ya mstari mmoja nikamwuliza, "Huyu ni nani?" Hakumjua. Nikashuka mstari wa pili, naye hakumjua. Wa tatu akasita. Kisha akasema polepole, "Huyu mama namkumbuka, mjomba. Wakati wa ufuta fedha zake zilirudi benki. Namba mbili nilizigeuza, ya mbele ikawa nyuma. Alikuja hapa mara nne."

"Nawe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asubiri."

Sikuongeza neno. Mama huyo ni mjane, na kijana mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba ana mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari. Basi tukakaa kimya kitambo, tukisikia magunia yakishushwa.

Jioni alikuja mzee jirani kutusalimu. Naye akacheka kidogo, akasema, "Loo! Digrii ya kuandika magunia!" Nikamkumbusha habari ambayo wazee wa Nachingwea wanaijua kuliko mimi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga huko Kongwa, kisha Urambo na hapa kwetu. Walitumaini kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta kwa meli, wakajenga na reli kutoka pwani mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Wakubwa wenye digrii walikuwapo, na fedha zilimwagwa kama maji. Lakini mvua na udongo vilikuwa havijapimwa miaka ya kutosha kabla ya kuanza. Alikosekana mtu wa kukaa chini kwa uvumilivu, akaandika kila siku, "Leo imenyesha kiasi hiki." Mzee akatikisa kichwa, akasema kweli baba yake alifyeka msitu huko.

Lakini mzee huyo simlaumu sana, maana fikira zake zina asili. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kwa wanafunzi wa sheria ambao hawakufika hata ishirini. Nchi ilikuwa na njaa ya wasomi. Mwenye digrii alipata ofisi, nyumba na heshima. Hata hivyo, tayari mwaka 1966 fahari ile ilileta fitina. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo wangelipwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliona kwamba elimu inayomfanya mtu ajione juu ya wale waliomsomesha imepotea njia. Na leo vyuo vikuu ni vingi, wahitimu ni maelfu kwa maelfu, ila sisi nyumbani bado tunamngoja kijana wetu kana kwamba ni mwaka 1961.

Katika vitabu vya watakatifu mna mtu ninayempenda, Mtakatifu Alphonsus Rodriguez wa Hispania. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Biashara ikaanguka, mke na watoto wakafa. Aliomba kuingia kwa Wayesuiti, lakini elimu yake ilikuwa haba. Wakampokea awe bruda, na mwaka 1571 wakampeleka kisiwa cha Majorca, ambako alifanywa bawabu wa chuo. Kwa miaka mingi sana kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kupokea barua, na kumwita padre anayetafutwa. Kijana mmoja mwanafunzi, Petro Claver, alizoea kukaa na bawabu huyo na kumwomba shauri. Ndiye baadaye aliyekwenda Cartagena, Marekani ya Kusini, akawahudumia watumwa waliotolewa Afrika mpaka alipokufa. Papa Leo XIII aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu siku moja, mwaka 1888.

Lakini nisieleweke vibaya. Papa huyo huyo, mwaka 1891, aliandika kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Kuridhika si kukubali kunyonywa. Ninyi viongozi wa vyama, shule na hata parokia, kijana akiwafanyia kazi mpeni mkataba wa maandishi, mlipeni kwa wakati, wala msimwambie kila mwezi kwamba atapata thawabu mbinguni. Thawabu hainunui sabuni.

Nanyi wazazi nawaomba mambo mawili. Kwanza, msimcheke kijana aliyeanza chini, wala msimlinganishe na mtoto wa jirani aliye Dar es Salaam. Pili, mshahara wake wa kwanza msiupangie bati, mahari ya kaka yake na karo ya wadogo zake. Mnufaika wa mkopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya Bodi. Kinachobaki ni kidogo, naye ni lazima ale.

Kwa vijana nasema hivi. Endeleeni kutuma maombi ya kazi bora. Hakuna dhambi katika kutaka kupanda. Limeni hata nusu ekari, msingoje mwisho wa mwezi kama kifaranga angojavyo mama yake. Lakini saa za kazi mlizopewa zitumikieni zote. Jifunzeni kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, si kipande chenu tu. Someni mara ya pili kila mlichoandika. Na kila mara jiulizeni, "Huyu ni nani?" Kazi ndogo humchosha mtu asiyejua inamfaa nani. Na anayejua huchoka pia, lakini hulala usingizi.

Mpwa wangu hakuniambia kwamba sasa amefurahi, nami singemwamini kama angesema hivyo siku ile ile. Aliniambia atamaliza msimu, kisha ataona. Nilipanda basi kurudi Nachingwea nisijue kama safari yangu imefaa.

Juma lililopita dada yangu alipiga simu tena, mara hii akanisalimu mpaka habari za kuku. Alisema kijana amenunua daftari lake mwenyewe. Kila mkulima anapofika mizanini anamwomba kadi ya benki, anaisoma namba kwa sauti, anaiandika, kisha anaisoma tena. Foleni imekuwa ndefu, na wengine wananung'unika. Ila fedha za mnada zilipotoka, hakuna hata mmoja katika kitabu chake ambaye zake zilirudi. Yule mama mjane alikwenda ghalani na kuku mkononi. Kijana akakataa kumpokea, akisema hiyo ni kazi yake tu. Mama akamfunga kuku miguu, akamwacha mlangoni, akaondoka.

Dada yangu anasema kuku huyo bado hajachinjwa. Ananingoja mimi, Krismasi, Mungu akipenda.